Barakoa Iliyonikaa

Barua tatu zimefika gazetini wiki hii, zote zinanionea huruma. Nawashukuru waliozituma. Nadhani mkishasoma sehemu hii ya tisa zitakoma.

Kwa aliyechelewa kunifuata: naitwa Bryson, Mshambaa wa Bumbuli, dereva wa malori kwa miaka kumi na minne. Mwaka tisini na mbili, saa tisa alasiri, nikitoka Muheza na shehena ya machungwa, gari liliacha barabara pale Pongwe likaingia kwenye kalavati. Kando yangu alikaa Huzefa, mtoto wa kiume wa tajiri wangu, Mzee Kutbuddin. Huzefa alikufa. Mimi nilivunjika mtulinga.

Nikasema breki zimekataa.

Fundi aliyeshughulikia breki hizo siku moja kabla aliitwa Hatibu. Mkaguzi alikuta bomba la breki limekatika, na hakimu akamfunga Hatibu miaka minne. Mke wangu Beatrisi alishaniacha kabla ya hapo, akarudi kwao Amani na watoto. Mkono wangu haukunyanyuka tena sawasawa, basi tajiri akanipa chumba cha uani nyumbani kwake Chumbageni. Nikawa mfungua geti, mchota maji na mbeba mizigo.

Hapo ndipo mliponiacha wiki jana. Mlidhani mtu aliyepoteza mke, kazi na mkono amekwisha kulipa. Ngojeni.

Mwezi wa sita mwaka tisini na nne akaja Shazia.

Shazia ni binti wa tajiri, dada yake Huzefa. Ni nesi huko Uingereza, kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua. Alishuka na masanduku mawili ya nguo na boksi moja ambalo hakutaka nilibebe kwa kichwa.

"Taratibu, kaka Bryson. Hilo ndilo lililonileta."

Alikuwa amepata habari za baba yake. Tajiri alikuwa anasinzia dukani. Enzi zile za foleni, duka lilipokuwa na viberiti na chumvi ya mawe tu, ungeweza kusinzia kutwa nzima usikose mteja hata mmoja. Sasa mambo yalikuwa ruksa. Kontena zilitoka Dubai, wateja walijaa, na tajiri alilala kalamu mkononi huku mtu anamwomba bati. Siku moja alilala akinywa chai, ikamuunguza paja.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, siku ambayo mgao wa umeme haukutugusa, Shazia alimkalisha baba yake sebuleni juu. Akatandika kitambaa cheupe mezani. Akatoa mashine yenye ukubwa wa cherehani ya mkono, bomba refu laini, na vitu vitatu vya mpira na plastiki vyenye mikanda.

Mimi nilikuwa mlangoni na waya wa umeme niliotumwa kuuleta. Mama Narmin, mke wa tajiri, alikuwa pembeni akichagua mchele kwenye sinia.

"Baba, ugonjwa wako una jina," Shazia alisema. "Ukilala, koo linajifunga. Pumzi inakatika. Moyo unahangaika, unashtuka, unavuta hewa, unalala tena. Mara mia usiku mmoja, na wewe hujui. Asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala."

"Mimi nakoroma tu. Marehemu baba yangu alikoroma vilevile. Akafa usingizini, kwa amani kabisa."

"Kwa amani? Umejuaje, baba?"

Tajiri akaitazama mashine.

Mimi pale mlangoni nilimkumbuka mke wangu. Beatrisi alikuwa akiniambia maneno hayohayo. "Mume wangu, unakata pumzi. Nahesabu mpaka thelathini nadhani umekufa." Kwetu tulisema ni jinamizi linanikaba. Nilipelekwa kwa mganga, nikaombewa na kanisani. Hakuna aliyesema koo.

"Mashine inasukuma hewa, koo lisijifunge," Shazia aliendelea. "Lakini mashine si tatizo. Tatizo ni barakoa. Isipokukaa vizuri utaivua, na ukiivua nimekuja bure. Kwa hiyo leo tunachagua."

"Barakoa!" Tajiri akacheka. "Kama za mabibi wa Kiarabu wa zamani?"

"Vaa tu, Baba Shazia," alisema Mama Narmin bila kuinua macho. "Mimi nimehamia chumba cha nyuma miaka kumi na miwili sasa."

Zamani alimwita Baba Huzefa. Baada ya Pongwe alibadilisha, na hakuna aliyemuuliza.

Ya kwanza ilifunika pua na mdomo. Shazia aliwasha mashine, ikanguruma kama feni. Hewa ikapenya kwenye ndevu za tajiri, ikatoka ubavuni kwa mlio wa aibu. Shazia alijaribu kuisogeza, ikamvujia machoni, machozi yakamtoka mzee.

"Ndevu haziruhusu mpira ukamate ngozi. Baba, tungezipunguza kidogo tu..."

"Ndevu zangu hazinyolewi."

"Sawa. Ya pili."

Ya pili ilifunika pua peke yake na kuegemea kwenye paji la uso. "Fumba mdomo, baba." Alifumba. Sekunde tano hazikufika, mdomo ukafunguka na hewa yote ikatoka.

"Pua yangu imeziba tangu vita vya Kagera. Mimi navuta kwa mdomo."

Ya tatu ilikuwa vipira viwili vidogo vya kuchomeka kwenye matundu ya pua. Tajiri aliitazama tu.

"Wanitia hatamu, mwanangu? Mimi ng'ombe?"

Shazia alikaa chini. Niliona amechoka, na niliona vilevile anaogopa. Alikuwa amebakiwa na baba mmoja, hana tena kaka.

Ndipo akanigeukia.

"Kaka Bryson, hebu njoo. Baba aone kwamba haiui."

Ningeweza kusema nina kazi. Nilivua ndala nikaingia.

Alipima pua yangu kwa kipande cha plastiki chenye matundu. "Ya pili ndiyo yako. Ndogo. Sasa lala hapo kwenye kochi. Barakoa hupimwa mtu akiwa amelala, kwa sababu uso hubadilika ukilala." Alipitisha mikanda nyuma ya kichwa changu. Nikataka kuikaza. Akanizuia mkono.

"Usikaze. Kila mtu hukaza, akidhani ndiyo itaziba. Ikikazwa sana inachubua pua, na inavuja vilevile. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Hivyo. Inakuuma popote?"

"Hapana, dada."

"Baba, unaona? Ngoja nichomeke bomba, niwashe."

Nikafumba macho kumsubiri.

Nilipofumbua, jua lilikuwa limehama dirisha. Nilidhani nimekufa, maana sikuumwa kichwa. Kwa miaka mingi sikuwahi kuamka bila kuumwa kichwa. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine.

Watu watatu walikuwa wananitazama.

"Umelala saa mbili na nusu," Shazia alisema polepole. "Ulilala kabla sijachomeka bomba. Nilikuacha kidogo nikutazame. Ulikata pumzi mara tisa kwa dakika kumi, nimehesabu kwa saa yangu, ndipo nikachomeka bomba. Wewe ni mgonjwa kuliko baba."

Nikakaa. Nikaivua barakoa taratibu.

"Kaka Bryson, umewahi kusinzia ukiendesha gari?"

Punje za mchele ziliacha kusikika kwenye sinia.

"Hapana, dada."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alinipa pole, akasema ni Mungu tu aliyeniepusha.  Tajiri alinitazama mpaka nikachukua ndala zangu nikashuka ngazi.

Shazia aliondoka Jumamosi iliyofuata. Alimwachia baba yake mashine na barakoa zote tatu, akamwapisha kwamba atavumilia ile ya vipira. Mzee aliapa. Nilijua hakuivaa hata usiku mmoja. Nilikuwa nasikia mkoromo wake kutoka uani, ukikatika, ukianza.

Alhamisi, saa saba mchana, duka likiwa limefungwa kwa chakula, tajiri aliniita stoo ya nyuma. Aliketi juu ya gunia la misumari. Mimi nilisimama.

"Breki zilikataa?"

"Nilisema hivyo, tajiri."

"Sikukuuliza ulisema nini."

Niliangalia sakafu. Nitawaambia ukweli wasomaji wangu, maana ndiyo kazi niliyojipa. Sikuwa na hakika. Kichwa changu kwa miaka ile kilikuwa kama chumba chenye moshi. Nilikumbuka Muheza, nikakumbuka hospitali. Katikati hapakuwa na kitu. Mtu alipotaja breki pale kando ya kitanda changu, nililidaka neno hilo kama anayezama adakavyo jani. Nilipolisema mara kumi likawa langu. Lakini usinzi wangu niliujua. Niliujua, nikaukalia kimya, na fundi akafungwa.

"Sijui, tajiri," nikasema. "Mungu ananiona, sijui. Lakini nilikuwa nasinzia sana siku zile."

Nilitegemea kofi. Nilitegemea anifukuze, au aite polisi. Akatingisha kichwa kama mtu anayeambiwa habari za zamani.

"Hatibu alikuja hapa," alisema. "Siku moja kabla. Alisimama hapohapo uliposimama. Akasema, tajiri, gari zima, dereva ndiye mbovu. Anasinzia hata akiwa kwenye foleni ya mafuta. Usimpe safari huyu."

Niliegemea rafu.

"Mimi nikamwambia, machungwa hayangoji, bwana. Dereva mwingine nimtoe wapi leo? Halafu..." Akafuta uso kwa kofia yake. "Halafu nikamwita mwanangu. Nikamwambia, Huzefa, panda na Bryson. Kaa kando yake, muongeleshe njia nzima asilale."

Nje mtu aligonga mlango wa duka akitaka rangi. Hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

"Mama anajua?"

"Narmin? Akijua siku hiyo ndiyo atanizika. Hatibu aliyasema hayo mahakamani, wewe umekwisha toa ushahidi ukatoka, na Narmin hakuwapo. Hakimu akaniuliza. Nikasema sikumbuki mazungumzo ya namna hiyo."

Tulikuwa hapo, yeye juu ya gunia lake, mimi kwenye rafu yangu. Watu wawili, na mtu wa tatu gerezani.

"Chukua ile mashine," alisema mwishoni. "Kila jioni panda kama unayekuja kunitayarishia, uifunge kwenye mkoba uende nayo. Alfajiri uirudishe kabla Narmin hajaamka. Mimi siiwezi."

"Kwa nini unipe mimi, tajiri?"

"Kwa sababu inakukaa." Akanyanyuka, akajipangusa vumbi. "Na kwa sababu mimi na wewe tuna kauli moja. Au hatuna?"

Mngefanya nini nyinyi? Mimi niliwaza seli isiyo na umeme, jinamizi likinikaba mpaka asubuhi. Nikawaza kile kichwa chepesi nilichoamka nacho siku ile kwenye kochi.

"Tunayo, tajiri," nikasema.

Nililala. Bahati yetu mgao ule uliipa Chumbageni umeme usiku, giza likawa la mchana dukani. Nililala Alhamisi, nikalala Ijumaa, nikalala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Siku ya nne niliona rangi za vitu. Siku ya tano nilisoma gazeti zima bila kurudia mstari. Mama Narmin akasema, "Bryson, umenenepa uso."

Siku ya saba nilikutana na Asmahani pale getini.

Asmahani ni mke wa Hatibu. Alikuwa akipita mtaani na bakuli la vitumbua, na alikuwa na kawaida ya kuniamkia vizuri, kwa sababu kwake mimi nilikuwa majeruhi mwenzake wa ajali ile. Siku zote hizo nilikuwa namwona kama kupitia kioo cha gari kilichojaa matope. Siku hiyo nilimwona. Ndala zake zilikuwa mbili zisizofanana, moja ya kiume.

"Kaka Bryson, mashallah, umenawiri."

"Siku hizi nalala vizuri."

"Alhamdulillahi. Usingizi ni neema." Akatua bakuli. "Mwenzio anakohoa. Nimekwenda kumwona juzi, anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamwambia asikonde, imebaki miaka miwili tu. Akaniuliza, Bryson hajambo mkono?"

Nilinunua vitumbua vyote. Nilishindwa kuvila, nikavigawa kwa jirani.

Siku ya tisa, Ijumaa, nilikuwa nafagia uani, saa nne asubuhi, jua kali, sina hata chembe ya usingizi. Ikaja. Haikuja kama ndoto. Ilikuja kama mtu aliyefungua dirisha.

Niliona barabara ya Pongwe inameremeta. Huzefa alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, maganda anayatupa nje, ananihadithia mechi ya Coastal na jinsi refa alivyowadhulumu. Sauti yake ilianza kwenda mbali. Nilijua inakwenda mbali. Nilijiambia, nifike tu kwenye ule wembamba wa daraja nitasimama ninawe uso. Sikufika.

Mguu wangu haukugusa breki. Haukuzikanyaga kabisa. Nikasikia, "Bryson! Bryson!" kwa sauti ya Huzefa.

Niliketi chini palepale na ufagio mkononi. Mama Narmin alichungulia dirishani akauliza kama mkono umenianza tena. Nikamwambia ndiyo.

Mchana nilikwenda dukani kwa miguu. Tajiri alikuwa stoo.

"Nimekumbuka," nikamwambia. "Nilikuwa nimelala. Breki zilikuwa nzima, bomba lilikatikia kwenye kalavati. Nakwenda polisi, tajiri. Kauli yetu siiwezi tena."

Alitazama milango, akatazama mikono yake. Nilijiandaa kwa vitisho.

"Alikuwa anakuongelesha?" aliuliza.

"Mpaka mwisho. Habari za mpira."

Hapo Mzee Kutbuddin alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akijiziba mdomo na kofia yake wahudumu wasimsikie. Nilisimama tu. Sikujua nimshike au nimwache.

Alipomaliza alisema, "Kesho Jumamosi, keshokutwa Jumapili, wakubwa hawapo. Jumatatu asubuhi twende wote. Ukienda peke yako watakuona kichaa, dereva anayejipeleka mwenyewe baada ya miaka miwili. Nitasema aliyoniambia Hatibu, na nitasema kwamba niliidanganya mahakama."

"Na mama?"

"Narmin nitamwambia mwenyewe. Jumapili jioni. Yapasa ayasikie kwangu."

Nilirudi chumbani kwangu. Mara ya kwanza kwa miaka miwili, nilipiga magoti nikasali bila kuona haya.

Jumapili jioni nilipanda kuchukua mashine kama kawaida. Tajiri alikuwa chumbani kwake. Koti lake la kijivu, lile la mahakamani, lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa kwenye kiti.

"Tajiri, leo lala nayo wewe. Jaribu ile ya vipira. Dada Shazia alisema mtu huzoea."

"Nimeshindwa nayo. Chukua." Alinisukumia mkoba. "Lala vizuri wewe. Kesho wewe ndiye wa kusema kwanza, uwe na akili zako."

"Umemwambia mama?"

"Baada ya chakula," alisema. "Nenda."

Nikaenda. Nilivaa barakoa yangu, nikapitisha vidole viwili chini ya mkanda, nikalala fofofo. Sikusikia mkoromo wake ukikatika. Ngurumo ya mashine ilikuwa sikioni mwangu.

Alfajiri nilipanda ngazi na mkoba. Mlango wa chumba cha tajiri ulikuwa wazi. Mama Narmin alisimama katikati ya chumba, kichwa wazi, nywele nyeupe zimefumuka. Sikuwahi kuziona nywele zake.

Mzee alikuwa kitandani amelala ubavu, uso umekuwa wa rangi ya jivu, mdomo wazi. Mkono mmoja ulikuwa umeshika shuka kama aliyetaka kujivuta.

"Nimemwita," Mama Narmin alisema. "Haitiki. Nimekuja kumwamsha kwa sala, haitiki. Nikasema labda hakuivaa. Nimeitafuta ile mashine mezani, nimepapasa chini ya kitanda." Macho yake yakashuka mkononi mwangu. "Hiyo nini?"

Nikausogeza mkoba nyuma ya mguu.

"Bryson. Hiyo nini mkononi mwako?"

Bomba lilikuwa linaning'inia nje ya mkoba.

Naushad, mpwa wa tajiri, alifika kabla jua halijatoka sawasawa. Alinipiga, nami sikumzuia. Akanifungia chumbani kwangu na kufuli la dukani. Nilisikia watu wakiingia, nikasikia Qurani, nikasikia jeneza linashushwa ngazi kwa kugongagonga ukuta. Adhuhuri ilipopita walikuwa wamekwishamzika. Shahidi wangu alikuwa chini ya ardhi, na koti lake la kijivu kwenye kiti.

Saa kumi jioni nilitolewa nikapandishwa sebuleni. Koplo mmoja aliyeitwa Abrahamu alikuwa mezani na karatasi zake. Mashine ilikuwa mbele yake. Mama Narmin alikuwa ameshaanza eda, hakuruhusiwa kuonekana na wanaume wa nje, kwa hiyo alikaa chumba cha pili, na katikati palitundikwa pazia zito jeupe. Tulimsikia akipumua.

Koplo aligeuza barakoa yangu huku na huku.

"Hii ndiyo ya kumvutia marehemu hewa? Na wewe ukaiiba?"

"Alinipa mwenyewe."

"Mwongo!" Naushad aliruka. "Mjomba ampe mfungua geti kitu cha uhai wake? Binti yake kakitoa Ulaya!"

"Alinipa mwenyewe," nikarudia. "Usiku kumi na moja nimelala nayo. Andika, koplo, sikatai. Lakini andika na ya Pongwe."

"Pongwe ipi?"

"Ajali ya mwaka tisini na mbili. Aliyokufa Huzefa."

Koplo alinitazama kama anayemtazama mlevi. "Ile imekwisha. Fundi yuko ndani."

"Fundi hakukosea. Breki zilikuwa nzima. Mimi nilikuwa nimelala kwenye usukani."

Nyuma ya pazia pumzi ilisimama.

"Shahidi wako nani?" koplo aliuliza.

"Mzee Kutbuddin. Leo asubuhi tulikuwa twende wote kituoni."

Naushad alicheka kicheko kibaya. "Unaona, afande? Amemuua, sasa anamsemea. Mwizi akikamatwa hukosa hadithi?"

Ningeweza kusema yote pale. Ningeweza kusema nani alimpandisha Huzefa kwenye lori lile na kwa nini. Nilifumbua kinywa, nikaliona lile pazia, nikakifumba. Kwa kumtoa Hatibu, makosa yangu peke yangu yalitosha. Ndivyo nilivyodhani.

Koplo aliweka kalamu chini. "Wewe mwenyewe unasema ulikuwa umelala. Mtu aliyelala anajuaje kwamba alilala? Pengine breki zilikatika kweli, ukagonga kichwa, sasa unachanganyikiwa kwa hofu."

"Najua kwa sababu Huzefa aliniita. Nilimsikia akiniita, nimelala."

"Aliita vipi?"

"Jina langu. Mara mbili."

Hapo ndipo sauti ya Mama Narmin ilipotoka nyuma ya pazia. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza njia.

"Koplo, ngoja kidogo, usiandike."

Naushad alisema, "Mama, pumzika..."

"Nyamaza, Naushad." Pazia halikutikisika. "Bryson. Miaka miwili daktari ameniambia mwanangu alikufa palepale. Hakuumia, hakuwahi hata kushtuka. Nimelala kwa maneno hayo. Sasa wewe wasema alikuita."

"Ndiyo, mama."

"Alikuita kabla gari halijaanguka, au baada?"

Koplo alinitazama. Naushad alinitazama. Jibu nilikuwa nalo tangu ile Ijumaa ya ufagio, na hata tajiri sikuwa nimempa. Kama ni kabla, Hatibu anatoka; kama ni baada, ushahidi wangu umevunjika, na mama anajua mwanawe hakufa palepale.

Nikaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyeinuka.